Mswala wa Dahalani Mshona Kofia

Katika enzi ya Sultani Mwidani bin Faraji, aliyeutawala mji wa Rasilmawardi kwa upole mwingi na uvivu kidogo, palikuwa na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo arubaini na mihirabu ya jiwe jeupe, na ndani ya msikiti huo palikuwa na ada moja ya kuitia hasira hata hiyo mihirabu. Wakubwa wa mji walikuwa wakiwatuma watumishi wao tangu alfajiri kutandika miswala ya hariri katika safu ya kwanza, na wao wenyewe hurudi kulala, na wakiamka huoga, na hula, na hujifukiza udi, na khatibu akishakaribia mimbari ndipo huingia wakiruka shingo za waja wa Mungu, jambo ambalo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilikataza kwa ulimi wake. Na sababu walikuwa nayo. Sultani kila alipotaka mtu wa kumpa cheo alimchagua katika safu ile ile, akisema, "Aliye karibu na kibla ndiye aliye karibu na Mola wake." Maskini Sultani, shingo yake haikuwa ya kugeuka mbali.

Basi Ijumaa moja Dahalani mshona kofia aliamka mapema, akakoga, akavaa kofia bora kuliko zote alizowahi kushona, akaenda msikitini na kukunja pembe ya mswala mmoja huko mbele, akakaa. Haukupita muda akashikwa bega na mtumishi wa Bwana Shekuwe, mkuu wa forodha.

"Ondoka hapo, fundi. Pana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

"Ala! Yeye amelala, mswala wake ndio unaosali?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwani watumishi watatu walimbeba mzobemzobe wakamtua mlangoni penye viatu, na Dahalani akasujudu juu ya makubadhi ya watu, na kwa ghadhabu aliyokuwa nayo hakujua kama yuko rakaa ya kwanza au ya pili.

Aliporudi dukani alikifungua kwa nguvu kijaluba cha shaba alichokinunua jana yake kwa mchuuzi mgeni, akitafuta sindano, na badala ya sindano ukatoka moshi, na katika moshi akatoka jini mwenye joho na kilemba, anapiga chafya.

"Labeka, bwana wangu! Mimi ni Hurmuzani, jini Muislamu, nimefungwa humu miaka mia sita, nami ni wajibu wangu kumtimizia haja moja tu yule anayenifungulia. Omba elimu, omba ufalme, omba..."

"Nataka mswala," akasema Dahalani. "Ukishatandikwa safu ya kwanza asiweze kuuondoa mtu yeyote, na akaaye juu yake asiyekuwa mimi, umrushe!"

Jini akamtazama. "Bwana, miaka mia sita nimejikunja humu namngoja mtu wa kuniomba jambo kubwa. Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Na ukishapapata hapo mahali, utapafanyia nini?"

"Nitawaonyesha!"

"Utawaonyesha nini?"

Dahalani akapandisha sauti. "Wewe ni jini au kadhi? Lete mswala!"

Ukaletwa. Ijumaa iliyofuata Bwana Shekuwe alikalia mswala huo kwa kiburi, akaruka na joho lake hadi nguzo ya saba, na Dahalani akaja akaketi taratibu kama aliye sebuleni kwake. Sultani alistaajabu akasema, "Huyu ni walii!" Akamfanya msimamizi wa soko, kisha mshauri wa baraza, na haukupita mwaka akamwahidi uwaziri pamoja na mkono wa binti yake, Mwana Badia, vyote viwili Ijumaa moja ya Shaabani baada ya sala.

Na Dahalani je? Ijumaa za mwanzo alikuja mapema. Kisha akaona mswala unajilinda wenyewe, wala hauhitaji kukunjwa wala kutandikwa, akaanza kuchelewa kidogo, na kidogo kikazaa kingine. Akawa anarudi kulala. Akawa anaoga, na anakula, na anajifukiza udi, na anaingia akiruka shingo za watu. Jamani! Mtu yule yule aliyesujudu juu ya makubadhi! Wala hakuona haya, kwani alikuwa akijiambia kwamba yeye aliteseka kwanza.

Ikafika Ijumaa ya ahadi. Mzee Mbaruku, kipofu aliyekuwa akijaza maji birika la kutawadhia, alimaliza kazi yake asubuhi, akapapasa ukuta hadi mbele, na kwa kuwa alihisi pengo katika safu, na alijua kuwa pengo huzibwa, akaingia. Mswala ukamrusha. Akainuka, akarudi. Ukamrusha tena, na safari hii pua ikatoka damu. Msikiti mzima ukatazama chini, kwani nani angethubutu kuusema mswala wa waziri?

"Jamaa, nani anayenisukuma?" Mzee akauliza. "Nimemkosea nani? Hii si nyumba ya Mungu?"

Dahalani alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mguu mmoja hewani juu ya bega la mtu. Aliuona uso ule wenye damu. Akakimbia, akamshika mzee, akamketisha, akaugeukia mswala akauvuta kwa mikono miwili hata kucha zikang'oka, nao usisogee hata unywele, kwa maana alisema asiuweze mtu yeyote, na yeye naye alikuwa mtu.

"Hurmuzani!" akapiga ukelele. "Uondoe!"

Jini, ambaye siku hizo alikuwa akisali safu ya mwisho karibu na viatu, akajibu kwa adabu, "Haja ilikuwa moja, bwana. Nami nilikuuliza."

Hapo Dahalani akamkabili Sultani, kilemba kimemwanguka, na khatibu hajapanda mimbari.

"Maulana, si walii mimi! Mswala huu ni kazi ya jini. Nilitupwa mlangoni nikakasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini sikuichukia dhuluma. Nilichukia kwamba si mimi niliyekuwa nikiifanya! Na hawa mabwana wanaonitazama kwa macho makali wanatwambia nini? Kwamba Mungu huwaona kwa vitambaa vyao? Na wewe, maulana, niwie radhi, ulitaka kunikabidhi roho za watu wote hawa, wala hukumuuliza jirani yangu hata mmoja mimi ni mtu gani!"

"Amemtukana Sultani!" akafoka Bwana Shekuwe. "Akatwe ulimi!"

"Nyamaza, Shekuwe," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Ulimi huu ndio wa kwanza kuniambia kweli tangu nikae kitini." Akamgeukia mshona kofia. "Dahalani, uwaziri hukuupata. Na adhabu yako ni hii. Safu yenye pengo ni aibu yetu sote, na pengo hili haliwezi kuzibwa na mtu ila wewe. Basi madhali u hai, kila Ijumaa utakuja wa kwanza kabla ya watu wote. Ukichelewa, tutakungoja, na mji mzima utajua ni nani anayetungojesha."

Kisha akaamuru miswala mingine yote ya hariri ikunjwe na irudishwe kwa wenyewe, na yeye Sultani, kwa kuwa alifika amechelewa, akaondoka mbele akatafuta nafasi nyuma, akaketi kati ya mfua bati na muuza kahawa, na hapo ndipo alipoyasikia mambo ya mji wake kwa mara ya kwanza.

Ama Mwana Badia, aliyeyasikia yote nyuma ya pazia la wanawake, alimpelekea baba yake ujumbe: "Waziri wako mteule nilimkataa mara tatu, ukaniambia nitamzoea. Huyu mshona kofia bado sijamkataa." Wakaoana, na kofia za Dahalani zikatafutwa hadi bandari za mbali, na Mungu akawapa riziki ya halali na nyumba yenye vicheko.

Na kila Ijumaa, kabla jogoo hajajisafisha koo, binti wa Sultani humvua mumewe shuka na kumwambia, "Inuka, mume wangu, safu ina pengo." Naye huguna, na hulalamika, na huinuka. Na haya tumeyasimulia ili ajue kila anayekitamani cheo kwamba cheo ni mahali pa kazi, na asiyeweza kuamka kwa ajili yake amwachie mwenziwe aliyekwisha kuamka. Mungu atusamehe sote, hasa sisi tunaochelewa.