Tembo na Shikamoo Isiyokwisha

Paukwa!
Pakawa!
Haya, tegeni masikio.

Kho!

Sauti moja tu, usiku. Zamani hizo, ambazo hata bibi wa bibi yangu alisimuliwa tu, Mama Pimbi aliisikia akashtuka. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, mdogo, mnene, mkia hana. Mwanawe alikuwa akikohoa kwa kiu.

Na maji yalikuwepo! Bwawa lilijaa tele pale chini. Ila Tembo alikuwa ametunga sheria: asinywe mtu kabla hajawaamkia wote wanaomzidi ukubwa, mmoja mmoja. Twiga alimwamkia Tembo, akanywa. Nyati akaamkia wachache, akanywa. Mama Pimbi je? Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mchana kutwa! Kiangazi kilikuwa kimeleta makundi kutoka mbali. Akifika majini, jua limezama, Tembo anapaza sauti: "Bwawa limefungwa!" Siku tatu mfululizo.

Mama Pimbi akambeba mwanawe mgongoni. Akashuka, pu-pu-pu-pu, hadi bwawani. Akamkuta Tembo amenyoosha mkonga anywe.

"Subiri, Mzee! Umeshaamkia?"

"Kwa-kwa-kwa!" Tembo akacheka. "Nimwamkie nani, wewe kidonge? Nani ananizidi mimi?"

"Mlima ule je?"

Wanyama wakaamka, wakasogea. Tembo akaona haya.

"Shikamoo, Mlima," akasema haraka, akashusha mkonga.

"Bado! Na Mwezi?"

"Ule? Si kama sahani tu!"

"Uko mbali, Mzee. Hata wewe, nikiwa juu ya mawe yangu, nakuona kama kunguni."

Wanyama wakaangua kicheko. Tembo akanung'unika, "Shikamoo, Mwezi."

"Na nyota? Ziko mbali kuliko mwezi, na bado zinaonekana. Zina ukubwa gani hizo!"

"Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!" Tembo akakazana hadi sauti ikamkauka. "Nikizimaliza hizi, ninywe?"

"Nyuma yake zipo nyingine."

"Na nyuma ya hizo?"

"Kuna nyuma yake."

"Na nyuma ya nyuma?"

"Nayo ina nyuma yake, babu!" akadakia Nyani. Wanyama wote wakaitikia kwa makofi: Na nyuma yake! Pa! Na nyuma yake! Pa!

Tembo akainua kichwa juu, juu zaidi, juu mno. Kizunguzungu kikamshika. Akazunguka, akayumba, akaketi topeni. Puuu!

Mama Pimbi akamshusha mwanawe mgongoni, akamkumbatia. Leo tutakanyagwa, akawaza.

"Mama Pimbi," Tembo akasema polepole, "kumbe mimi mdogo?"

"Mdogo sana, Mzee."

"Mdogo kama wewe?"

"Anayetutazama kutoka kule hawezi kututofautisha."

Tembo akatetemeka tumbo. Akacheka! Akacheka mpaka machozi, maji ya bwawa yakicheza mawimbi. "Mimi mdogo! Mimi kadogooo! Raha gani hii! Lakini kiu inaniua, na shikamoo hizi hazina mwisho."

"Na mwanangu je?"

"Sheria nimeifuta. Mlete!"

Akavuta maji kwa mkonga, akamnywesha mtoto kwa upole. Gu, gu, gu.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ulimwengu hauna mwisho. Anayejiona mkubwa kuliko wote hajatazama mbali, na kimo si sababu ya kumnyima mwenzako maji.

Hadithi yangu imekwisha hapo. Ulimwengu, bado!