Mtihani wa Karani wa Lango

Palikuwa na Liwali mmoja, Mwinyi Bakathiri, tumbo mbele, fimbo mkononi, aliyeamini kwamba kazi zote za jumba la Sultani ziliumbwa kwa ajili ya wapwa zake. Mpishi, mpwa. Mshika mwavuli, mpwa. Mpiga siwa, lile baragumu la kifalme, naye mpwa, na wala hapigi, anamwaga mate tu. Sultani akachoka. Akaunda Tume ya Ajira, kitu ambacho mji ule haukuwahi kukiona, akaamuru kila kazi itolewe kwa mtihani, tajiri na maskini mkeka mmoja, na karatasi zisiwe na majina, ziwe na alama tu. Halafu, maana wakubwa nao wana mambo yao, kuwa Mwenyekiti wa Tume akamteua nani? Liwali Bakathiri.

Msicheke bado.

Kazi ya kwanza kutangazwa ilikuwa ya karani wa lango. Karani huyo ndiye anayeamua nani aingie kumwona Sultani na nani arudi kwake. Liwali alikwisha kumwekea mpwa wake Mahfudhi, kijana mzuri wa sura, mzito wa kila kitu kingine. Na ili watu wasimsumbue, akatoa sharti lake: atakayeomba kazi akaikosa, atambebea Mwenyekiti kiti chake mwaka mzima, popote aendapo, kwa kosa la kuipotezea Tume wakati.

Watu wakakitazama kile kiti, mti mtupu na shaba, wakarudi majumbani kwao. Akabaki Vuai.

Vuai alikuwa mshona makuti, maskini wa kutupwa, lakini ulimi wake ulikuwa haujui njaa. Kazi ile aliitaka kufa na kupona. Ukuta mpya wa Liwali ulikuwa umemeza jiko la mama yake, Bi Mize, na sasa bibi wa watu alipikia njiani, mvua ikimnyeshea chunguni. Kila alipokwenda langoni kushitaki, alifukuzwa.

"Mwanangu, ukishindwa utambeba yule," mama akamwambia.

"Kiti tu, mama."

"Atakuwa amekikalia."

Siku ya mtihani ikafika. Liwali akapindua chupa ya mchanga ya kupimia muda, akaanza kuzunguka na fimbo yake. Mahfudhi alipopiga miayo, hakumwona. Vuai alipojikuna shingo, ukelele!

"We Vuai! Macho mbele! Kwenye mtihani hakuna kuangalizia!"

"Nimwangalizie nani, Mwenyekiti? Mwenzangu amelala."

Karatasi zikakusanywa. Sasa sikieni akili ya Mahfudhi. Kwa kuwa majina yalikatazwa, aliogopa mjomba wake asije akampoteza, basi akaandika juu kabisa, kwenye kona: *Mjomba, hii ndiyo yangu.* Chini yake, hakuna kitu. Liwali alipoiona akaikata kona ile upesi, akaitia mdomoni, akaitafuna kama tambuu.

Lakini karatasi tupu haina jibu la kusahihisha. Siku ya matokeo Sultani alikuja mwenyewe kusikiliza, mji mzima ukajaa barazani, na Tume ikalazimika kutamka: wa kwanza, Vuai. Bi Mize akapiga kigelegele mpaka mtandio ukamdondoka.

"Nyamaza, mama!" Liwali akanguruma. "Bado kuna swali la mdomo. Vuai, umewahi kuwa karani wa lango?"

"Sijawahi."

"Basi umeshindwa. Njoo ubebe kiti."

Baraza zima likaguna. Bi Mize akaketi chini palepale. Vuai mwenyewe, nawaambieni kweli, alikitazama kile kiti na tumbo lililokuwa juu yake. Kisha akauliza:

"Mwenyekiti, nifahamishe mimi mjinga. Kazi haipati ila aliyewahi kuifanya?"

"Ndiyo hivyo."

"Na atawahi vipi kuifanya?"

"Kwa kuipata."

"Na ataipata vipi?"

"Kwa kuwahi kuifanya! Mpwa wangu Mahfudhi, kwa mfano, alimkaimu karani wa zamani siku alipoumwa jino."

"Alifanya nini siku hiyo?"

"Alilala. Lakini alilala langoni!"

Sultani akakohoa. Vuai akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Na sharti hili ni la sisi wanyonge tu, au hata wakubwa?"

"Hasa wakubwa!" Liwali akatunisha kifua, maana Sultani alikuwa anatazama. "Kazi kubwa ndiyo haitaki mtu wa kubahatisha. Aliyepewa kazi asiyowahi kuifanya, amepewa kwa makosa. Na aliyempa amekosea!"

"Umesema kweli kabisa. Na kabla ya Tume hii, mji huu ulikuwa na Tume nyingine?"

"Hapana. Hii ndiyo ya kwanza."

"Kwa hiyo wewe hukuwahi kuwa Mwenyekiti wa Tume."

Liwali akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Na kazi hii alikupa nani, Mwenyekiti?"

"Alinipa... alinipa Sultani. Yeye mwenyewe."

Hata waliokuwa wakitafuna tambuu walisita. Vuai akasogea mezani taratibu, akaichukua ile chupa ya mchanga, akaipindua.

"Basi na mimi nina swali moja la mdomo. Aliyekosea ni nani: wewe uliyeweka sharti hili la kuwahi kuifanya kazi, au Sultani aliyekupa kazi?"

Mchanga ukaanza kushuka. Jasho la Liwali nalo. Akageuka kuwatazama wajumbe wenzake wa Tume, wajumbe wakatazama dari. Akageuka kumtazama Mahfudhi, Mahfudhi amelala. Akaanza kugeuza shingo, polepole, ausome uso wa Sultani.

"Macho mbele, Mwenyekiti," Vuai akasema. "Kwenye mtihani hakuna kuangalizia."