Siku Zuhura Alipowika

Mimi najifanya mjuzi wa kuku. Sokoni nilichagua vifaranga watano kwa jicho langu mwenyewe, nikaapa wote ni mitetea, nikawapa na majina. Miezi mitano baadaye Zuhura akawika. Mwanaidi akamwitikia. Wiki haikwisha, nikabaki na mtetea mmoja tu, naye nimeanza kumtilia shaka.

Mwenye nyumba wangu, Bwana Kombo, akaja na bakora. "Majogoo wako wananikatiza usingizi! Ijumaa wawe wamechinjwa, au uhame."

"Bwana, nimewazoea kama wanangu."

"Basi hama nao."

Ijumaa nikamfuata barazani. Alikuwa akiwaambia wanywa kahawa, kama kawaida yake, kwamba alfajiri haijapata kumkuta kitandani.

Nikavua kofia. "Bwana Kombo, nisamehe mbele ya wazee hawa. Majogoo wangu wanakukatiza usingizi."

"Kwani wanawika saa ngapi?" akauliza mzee mmoja.

"Nitajuaje, mzee wangu? Mimi huwa nimelala. Bwana Kombo ndiye anayewasikia."

Wazee wote wakamgeukia. Bwana Kombo akakohoa.

"Wanawika alfajiri," akasema. "Nami huwa nimeshaamka, natia udhu. Hawanisumbui hata kidogo. Waache wawike."

Majogoo wakabaki. Ila siku hizi, kila alfajiri, Bwana Kombo akienda msikitini hugonga dirisha langu kwa bakora: "Mwenye majogoo, amka twende!"

Jana nilimwuliza, kwa adabu zote, kama bado angependa niwachinje.