Mahindi Yaliyoruka

Mwaka ule mvua ilikataa kunyesha, na wanyama wakabaki na magunia matatu tu ya mahindi ya mbegu. Waliyafungia ghalani. Ufunguo akapewa Kanga, mama wa vifaranga sita. Mlangoni akawekwa Fisi kulinda, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, yeye ni mtu wa nyama na hajawahi kutafuna hata punje.

Asubuhi moja yenye baridi Kanga alifungua ghala, akakuta sakafu tupu. Fukusi wachache tu walikuwa wakitambaa kwenye vumbi la unga, wamekonda.

"Ufunguo unao wewe," Simba alimwambia. "Mahindi yasipopatikana kabla ya jua kuzama, wewe na wanao mtaihama nchi hii."

Kanga aliwakusanya vifaranga wake chini ya mbawa. Wangehamia wapi, na ukame huu?

Fisi akakohoa kwa huruma. "Mzee Simba, usimwonee mama wa watu. Ni hawa fukusi. Niliwaona kwa macho yangu. Wameruka nayo."

"Magunia matatu?" akauliza Sungura.

"Walikuwa wengi."

"Na magunia yenyewe yako wapi?"

"Si ndiyo waliyobebea."

Sungura akatikisa kichwa kwa heshima. "Kaka Fisi, kumbe wewe ni mtaalamu. Basi hawa waliosalia wakiruka, watawafuata wenzao?"

"Hasa."

"Na watakapotua ndipo yalipo mahindi?"

"Ndipo. Na atakayekutwa nayo ndiye mwizi," Fisi akaongeza. Aliwaona fukusi wale wakishindwa hata kupanda kizingiti, kwa hiyo maneno hayo hayakumtia hofu.

Sungura aliwakusanya kwenye ungo, akauweka juani. "Fukusi aliyeshiba hutembea," alimnong'oneza Kanga. "Mwenye njaa, jua likimpasha mgongo, huruka kufuata harufu ya chakula. Subiri, dada."

Kanga alisubiri, jicho moja kwenye ungo, jingine kwenye jua. Adhuhuri ikapita. Alasiri, fukusi wa kwanza akafunua mabawa, akaruka. Wenzake wakamfuata.

Kanga alikimbia chini yao, vifaranga nyuma yake. Simba alikuja polepole, kama aliyetoka kunyoosha miguu tu, asije akasemwa kwamba mfalme anafukuza wadudu. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Fukusi walivuka kichaka kimoja, wakatua kwenye pango la Fisi.

Ndani mlikuwa na magunia matatu, moja limefunguliwa, na juu yake ufunguo bandia wa ghala. Mafigani, chungu kilikuwa kikitokota.

"Mnaona ukorofi wao?" akasema Fisi. "Wamehamia kwangu bila hata kubisha hodi."

"Na makande haya wamepika wao?" akauliza Kanga. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupaza sauti.

Fisi aliyarudisha magunia kwa mgongo wake, moja baada ya jingine. Kisha, kabla jua halijazama, akaihama nchi yeye.

Kesho yake Kanga aliyapepeta mahindi, na fukusi wakadondoka kwenye ungo. "Asanteni sana, ndugu zangu," aliwaambia kwa upole, huku akiwadonoa mmoja mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi.