Namba Arobaini ya Bi Pimbi

Masikio yapo?
— Yapo!
Yote mawili?
— Hata ya jirani!
Basi yafungueni.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikakauka yote, ikabaki chemchemi moja. Wanyama wakakubaliana kila mmoja awe na kibao chenye namba, aonyeshe, anywe. Kobe akachonga namba, zote akaziorodhesha pia kwenye gome la mti. Kiboko akawa mlinzi. Na akipatikana mdanganyifu, maji yake ni ya mlinzi.

Hapo Kiboko akanogewa.

Akaja Swala. Namba yake ilikatika mkia.

"Namba ina kasoro! Mwizi wewe! Toka!"

Swala akatoka. Kiboko akanywa: gugu-gugu-gugu!

Akaja Nungunungu. Namba yake ilikuwa kichwa chini.

"Namba ina kasoro! Mwizi wewe! Toka!"

Nungunungu akatoka. Gugu-gugu-gugu!

Akaja Bi Pimbi, kanyama kadogo ka majabalini, na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Akanyoosha kibao: arobaini.

Kiboko akatazama gome lenye namba zote. "Arobaini imo mara mbili! Mwizi wewe! Toka!"

Bi Pimbi hakutoka. Njiani alikuwa amekiona kibao kingine cha arobaini, na aliyekivaa pia.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Kumbe mwenye arobaini ni mwizi?"

"Tena mwizi sugu!"

"Basi tangaza, yule mwingine naye asikuponyoke."

Kiboko akaona maji ya watu wawili. Akapanua kinywa: "Mwenye arobaini ni mwizi! Mwenye arobaini hanywi! Mwenye arobaini aje nimtie adabu!"

Halafu ardhi ikaanza kutikisika. Di! Di! Di! Maji yakatetemeka. Ndege wakaruka wote kwa pamoja. Miti ikaachana. Bi Pimbi alijua nani anakuja, lakini hata yeye akawavuta watoto karibu. Ukaja mguu, ukaja mguu mwingine, kikaja kivuli kikawafunika wote, yeye na watoto na Kiboko mwenyewe. Na huko juu kabisa, kwenye pembe nyeupe, kibao kidogo kikabembea: arobaini.

"Nimesikia naitwa," Tembo akasema taratibu. "Haya, nitie adabu."

"Mimi... nilisema tu... namba..." Kiboko akarudi nyuma, akarudi nyuma, chubwi! Yakabaki macho na pua.

Kobe akafika akijikokota, uso chini. "Jamani, ni mimi. Joto lilinizidi, nikasinzia. Arobaini nikaichonga mara mbili. Ya Swala kisu kiliteleza. Ya Nungunungu nilishika kibao kichwa chini."

"Kwa hiyo mwizi hayupo?" akauliza Swala, aliyerudi kufuata kishindo.

Bi Pimbi akaitazama ile pua majini. "Yupo. Namba yake haina kasoro hata chembe."

Watoto wake wakanywa kando ya mguu wa Tembo, wakiinua vichwa kila mara kuutafuta mwisho wake, wasiuone.

Funzo ni hili: ukiona namba ina kasoro, mwenyewe ni mwizi, huna haja ya kuuliza. Ila hakikisha kwanza kuwa ni mfupi.

Hadithi nimeitua hapo. Utamu wake bebeni, uchungu niachieni.