Video ya Wifi

Wapendwa, nisikilizeni kidogo. Palikuwa na mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, mtoto hata kunyonya anachoka, anaachia ziwa anahema kama aliyepanda mlima. Moyo una tundu. Hospitali ya mjini ikakubali kumpasua, barua ya wito itakuja kwa barua pepe, basi simu haimtoki mkononi, anakoroga uji anaichungulia, anafua anaichungulia. Barua haikuja. Akapigiwa simu na hospitali.

"Mama, barua yako inaturudia. Kikasha chako kimejaa."

"Dada yangu, si unisomee tu?"

"Utaratibu hauruhusu. Punguza vitu huko. Usipotujibu leo, nafasi anapewa mtoto mwingine."

Mwingine. Akaanza kufuta, salamu za mama yake akafuta, za shoga zake wa sekondari akafuta, matangazo, hii na ile, mpaka vidole vinauma. Akatazama. Bado kimejaa.

Mumewe akainama begani kwake. "Umefuta nini?"

"Kila kitu, Baba. Mamia."

"Umetoa vijiko, mke wangu, kabati bado limeziba mlango. Maneno matupu hayana uzito. Tafuta yenye video."

Hakuhitaji kutafuta. Siku ya kikao cha ukoo wifi yake alisimama mbele za watu akasema, "Kwetu hakuna mioyo mibovu, huu ugonjwa umeletwa," na mama yule simu yake inachungulia chini ya khanga, inarekodi yote, neno kwa neno. Kisha akajitumia mwenyewe kwa barua pepe, ili hata simu ikiibiwa ushahidi ubaki. Mtoto akipona, alijiambia, nitawaonyesha ukoo ule ule, tuone uso atauficha wapi.

"Hiyo siifuti," akasema.

"Ni dada yangu, na nilimsikia," mume akasema taratibu. "Sikulazimishi."

Mtoto akalia kidogo, midomo ikageuka bluu. Mama akaifuta ile video huku machozi yanamdondokea kwenye kioo.

Bado kimejaa.

Mnashangaa? Si ameshafuta? Hakufuta, wapendwa, aliisogeza tu. Ilikuwa kwenye pipa la taka mle mle ndani, na pipa nalo linakula nafasi ile ile. Na mama yule alijua. Alijua kwamba kule, siku akikasirika, anaweza kwenda kuiokota.

Akafungua pipa. Simu ikamwuliza: ukiifuta hapa hutaipata tena, uendelee?

Akamtazama mtoto. Akabonyeza. Barua ikaingia.

Sasa sisi. Tunakuja hapa kila wiki tunatubu vidogo, nilichelewa ibada, nilimjibu jirani vibaya, tunafuta mpaka vidole vinauma, na lile moja zito hatuligusi. Na tukiligusa tunasema nimesamehe, kumbe tumelisogeza, tunajua lilipo, ugomvi mdogo tu tunalo mkononi. Halafu tunalalamika Mungu amenyamaza. Amenyamaza, au neno lake linamrudia kwa sababu kwetu hakuna pa kuingia?

Simlaumu mama yule. Aliumizwa kweli, na wifi hakuwahi kuomba radhi. Hata wewe uliumizwa kweli. Lakini kuna mtoto anahema nyumbani kwako, na jibu linatakiwa leo.