Jina Moja kwa Mji wa Milango

Hapo zamani, zamani ambayo mashahidi wake wangali hai na wangali wanabishana, palikuwa na kibanda cha gemu mjini Tabora, na mwenye kibanda alikuwa Bi Milembe. Yafuatayo hakuna shahidi aliyeyapinga. Kwamba mchezo uliochezwa siku hiyo uliitwa Mji wa Milango, na kila ulipowashwa ulichanganya hadithi yake upya: mwizi wa jana leo ndiye mfalme, na shujaa akiishiwa roho zake zote, hadithi hiyo hairudi tena. Kwamba hakuna aliyekuwa ameumaliza. Kwamba mtunzi wake, mama mmoja wa Dodoma, aliahidi kumchukua mshindi wa kwanza karakanani kwake amfundishe kutunga michezo. Mshindi mmoja tu, ambaye jina lake lingeandikwa na mwenye kibanda. Na kwamba kibanda kilikuwa na sheria yake, ukifa, pisha: shujaa wako akiuawa, unamwachia anayefuata pedi ya kuchezea.

Aliyeanza ni Nyamizi, binti wa mdogo wake Bi Milembe. Alifika mlango wa ikulu, ambapo walinzi watatu walitupiana lawama ya kumuua mfalme. Kibanda kizima kilimshauri kwa kelele. Yeye akasoma maneno yao upya, akamtaja yule aliyedai kuona kivuli cha mfalme katika chumba kisicho na taa wala dirisha. Mlango ukafunguka. Watu wakaruka juu ya viti. Papo hapo mshale ukatoka gizani, shujaa akaanguka, Nyamizi akapisha.

Akapokea Shija, fundi cherehani, shujaa akiwa amesaliwa na roho moja. Alipita katikati ya moto na mikuki, vidole vikienda mbio kuliko cherehani yake; waliokuwa nje wakaingia, waliokuwa ndani wakasahau kukaa. Akafika uani kwa malkia. Wanawake wawili walisimama pale, mmoja akilia, mmoja kimya, na kila mmoja alidai ndiye mama wa shujaa. Ukimchagua asiye mama, hadithi imekufa.

Shija akaweka alama juu ya anayelia. Kidole kikasita.

Ndipo akaingia Kondo. Kondo ni Mzaramo, Shija ni Mnyamwezi. Basi ni watani, na mtani hunyakua cha mtani wake bila kuomba. Alikuwa nje akila mihogo, hakuona lolote. Akaipokonya pedi.

"Lete hapa, mpagazi wangu. Mama gani huyu wa kulia mbele ya wageni?"

Akabonyeza aliye kimya.

Naye ndiye mama. Milango yote ya mji ikafunguka, tarumbeta zikalia, kibanda kikatikisika kwa vifijo. Kisha kikatokea kisanduku: andika jina la mshindi.

Shangwe haijaisha, madai yakaanza. Nyamizi alisema bila ule mlango kusingekuwa na moto wa kupita wala mama wa kuchaguliwa. Bi Milembe aliona ni kweli, kisha akajiuliza kama ni kweli au ni damu. Tena kufa ni kufa, na sheria aliitunga mwenyewe.

Shija alisema hakufa wala hakupisha, aliporwa. Alipoulizwa kama angembonyeza anayelia, alijibu kwamba kidole kilikuwa bado kinafikiri. Waliosimama kushoto wakaapa kilikuwa kinashuka. Waliosimama kulia, kinaondoka. Bi Milembe hakuona sababu ya kuwaamini hawa kuliko wale.

"Mtani haibi," alisema Kondo, safari hii bila kucheka. "Wala msinilaumu kwamba nilibahatisha. Mchezo wenyewe unaichanganya hadithi yake kwa bahati nasibu; kwa nini jibu langu lisiwe la bahati?"

"Ungenyakua kuku wangu, ungemla, nami ningecheka," Shija akamjibu. "Maisha yangu nayo utayala?"

Nyamizi akamsogelea Bi Milembe. "Mama mkubwa, usiniandike kwa kuwa mimi ni wako. Wala usiniache kwa kuwa mimi ni wako."

Kisanduku kinapokea jina moja, na likishaingia halifutiki. Vidole vya Bi Milembe vi juu ya herufi. Nanyi mliosikiliza mmeyasikia yote aliyoyasikia yeye, si pungufu, si zaidi.

Je, aandike jina la nani?